Mdomo wa Pili

Ukitaka kuniudhi, niambie "mbona kwangu inafanya kazi." Mume wangu ameshagombezwa kwa neno hilo mpaka siku hizi likimjia anajiziba mdomo kwa kiganja. Yeye ni fundi simu. Mchana anabadilisha vioo na betri za watu, jioni anakaa kwenye meza ya chakula na kompyuta yake kuukuu, anaandika Kengele. Kengele ni programu ya simu inayokukumbusha dawa: saa yako ikifika inalia, na hainyamazi mpaka uiguse kuiambia umemeza. Haiuzwi. Wanaoitengeneza wanajitolea, wametawanyika miji na miji, wengi wao hawajaonana uso kwa uso, na kila wanachoandikiana kiko wazi, anayetaka kusoma asome.

Aliianza kwa ajili yangu. Nina kifafa. Nalisema hivyo hivyo, maana nimechoka na watu wa kunong'ona "ule ugonjwa" utadhani nimeuiba mahali. Dawa zangu ni asubuhi na jioni. Nikizimeza kwa wakati mimi ni mzima kama wewe, nikiziruka naanguka. Na zenyewe zina uchokozi, kwa sababu zinazuia kuanguka lakini zinakula kumbukumbu. Hebu fikiria, dawa inayokusahaulisha kumeza dawa! Basi kazi ya kukumbuka nikaiachia Kengele, nami nikabaki na kazi yangu ya cherehani.

Wenye Kengele wana desturi moja, na desturi hiyo ilianza na Mwenye Funguo. Huyo ni mwalimu mstaafu anayeishi mbali na sisi. Tunamjua kwa sauti tu, ila sauti yake imezoeleka nyumbani kwetu kama ya jirani. Wanamwita hivyo kwa kuwa toleo jipya haliwezi kutoka bila yeye kulifungulia mlango. Siku moja aliwaambia, "Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," na tangu hapo ikawa sheria. Toleo halitoki mpaka mtu mmoja alale nalo wiki nzima, kwenye simu ya kweli, na dawa za kweli. Kasoro za programu nazo wakaanza kuziita kunguni. Mlalaji mkuu ni mimi. Wenzangu huko duniani ni wakurugenzi na mameneja, mimi cheo changu ni kulala.

Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, mama yake, na mtoto wetu tunayemwita Bonge. Jina analistahili, ana mikunjo ya mapaja kama mto wa kochi. Mama mkwe alikuja Bonge alipozaliwa, akakaa. Daktari alisema nisiachwe peke yangu na mtoto mpaka nimalize mwaka mzima bila kuanguka. Nisimbebe mgongoni barabarani, nisimwogeshe. Mama mkwe alilishika neno la daktari kama kiapo. Si kwamba ana roho mbaya. Mdogo wake alikuwa na ugonjwa kama wangu, na alimpoteza mwanawe kwenye beseni la maji, maji yenyewe yasiyofika magotini. Mtu aliyeyaona hayo utamwambia nini? Lakini inauma. Tangu nimzae mwanangu sijawahi kumwogesha. Nakaa mlangoni nashika sabuni.

Mwaka wenyewe ulikuwa karibu kutimia, umebaki mwezi na kidogo. Nilikuwa nimeshona taulo kwa ajili ya siku hiyo, jeupe, lenye kofia kwenye pembe, na pindo la buluu nililolirudia mara mbili kwa sababu la kwanza lilipinda. Niliwatangazia wote kuwa taulo lile halimgusi mtu mpaka nimwogeshe Bonge kwa mikono yangu mwenyewe. Mama mkwe alicheka. "Haya, bi harusi wa beseni," alisema. "Siku ikifika nitakupigia vigelegele."

Toleo la mwezi ule lilikuwa kubwa. Walihamisha mahali Kengele inapotunza saa za dawa za watu. Mume wangu alinieleza kuwa ni kama kutoa vyombo kwenye kabati bovu na kuvipanga kwenye kabati jipya, mwenye nyumba hataona tofauti. Akaliweka kwenye simu ya majaribio, akalifungua kuliangalia, akalifunga, akalifungua tena. Yule na simu ya majaribio ni kama mpishi na mfuniko wa sufuria, hawezi kuacha kufunua. Kisha akanipa. Nililala nayo wiki nzima, ililia asubuhi na jioni, ikalia hata siku niliyoitia kapuni chini ya vitambaa. Nikaandika pale wanapoandikiana: "Nimelala nayo. Imelia." Mwenye Funguo akafungua mlango, toleo likatoka, wakapongezana kwa vikatuni vya makofi. Mume wangu akaichukua simu yake ya majaribio, nami nikarudia simu yangu ya kila siku, ambayo hujichukulia matoleo mapya yenyewe bila kuniuliza, kama simu za watu wengi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikuwa kazini napiga pasi kola ya shati la mteja. Ghafla nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Ladha ile naijua. Niliwahi kusema "la hasha!" na basi.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni nimelala ubavu, kichwa kimewekewa aproni ya ngozi iliyokunjwa. Fundi Viatu, mzee tunayepakana naye kwenye baraza moja, alikuwa amepiga magoti kando yangu. Pasi alishaichomoa. Kola ilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi nzima.

"Pole, binti yangu. Umesharudi," alisema.

Ulimi ulikuwa umevimba, nimeuuma. Nililia, tena si kwa maumivu. Nililia kwa hasira, nikaipiga sakafu kwa ngumi, nikimwona Bonge na beseni lake vinakwenda mbali.

"Mzee wangu, nakuomba. Usimwambie mtu."

"Mimi ni fundi viatu," alinijibu. "Nikimwangalia mtu naanzia kwenye soli naishia kwenye kamba. Ya juu siyaoni."

Niliitoa chupa ya dawa kwenye mkoba. Vidonge vilikuwa vingi kuliko vilivyopaswa kubaki. Sikuwa nimemeza tangu Jumanne, na kichwani mwangu hamkuwa na kumbukumbu yoyote ya kengele kulia nikaipuuza. Nikaifungua Kengele nione imeandika nini. Kuifungua tu, ikapiga kelele kama mtoto aliyeamshwa vibaya.

Nikaduwaa. Halafu nikakumbuka kwamba Fundi Viatu naye anayo. Mimi ndiye niliyemwekea, kwa dawa zake za presha, anazomeza kila siku saa nane mchana.

"Mzee wangu, Kengele yako inalia siku hizi?"

"Aka, imeniacha nipumue. Tangu juzi hivi. Nikadhani ni masikio yangu, uzee huu." Akatoa simu mfukoni, kidole gumba tayari kinashuka.

"Usiguse!"

Nilipiga ukelele mpaka simu ikamponyoka akaidakia mapajani. Nikamwomba aiweke juu ya kigoda katikati yetu, asiiguse hata kwa ukucha. Ilikuwa inakaribia saa nane. Tukakaa tunaitazama, yeye na gundi mkononi, mimi na ulimi wangu umejaa mdomo. Saa nane ikafika, ikapita. Simu ikakaa kimya. Mteja alikuja kuulizia kiatu chake, akatuona watu wazima wawili tunatazama kigoda, akasema atarudi.

"Sasa fungua," nikamwambia.

Akafungua. Ikalia mpaka mpita njia akageuka.

Mimi si mwandishi wa programu, lakini nimelala na kunguni wengi, nawajua wanapojificha. Kengele mpya ilikuwa haihamishi vyombo mpaka mtu aifungue. Na nani anafungua kengele? Kengele unaisubiri ilie. Sisi tulioijaribu tuliifungua kila mmoja, kwa hamu ya kuiona, kwa mapenzi, kwa kidole cha mume wangu kisichotulia. Kati ya wote walioitengeneza hakuna aliyewahi kuiacha imefungwa. Watumiaji ndio walioiacha, kwa kutuamini.

Nilifika nyumbani jua bado halijazama. Mume wangu alikuwa mezani, simu kwenye spika, anaongea na Mwenye Funguo kuhusu toleo lijalo. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni karibu na dirisha anamwogesha Bonge, maji yanaruka mpaka ukutani. Taulo langu jeupe lilikuwa juu ya kabati, limekunjwa.

Nikawaambia habari ya Fundi Viatu. Kuhusu mimi mwenyewe sikusema kitu. Niliongea polepole ili ulimi usinisaliti.

"Mbo..." mume wangu alianza, akajiziba mdomo.

"Mama Bonge, nimekusikia," Mwenye Funguo alisema. "Huyo mzee ana simu gani? Ana umri gani?"

"Mnataka kujua umri wake au umri wa programu yenu?"

"Usinikasirikie, mwanangu. Sheria unaijua. Mdomo mmoja ni lalamiko, midomo miwili ni kunguni."

Naijua. Waliitunga baada ya kulirudisha toleo zima kwa kilio cha mtu mmoja, kumbe simu yake haikuwa na chaji. Watu walichanganyikiwa, wengine wakaiacha Kengele kabisa. Tangu hapo toleo haliondolewi mpaka simu mbili za watu wawili zitoe ushahidi. Ni sheria nzuri, niliiunga mkono mwenyewe.

"Jumapili nitaijaribu kwa utulivu," mume wangu alisema. "Kesho na keshokutwa dukani nimezidiwa. Na wewe mwenyewe ulilala nayo, mke wangu. Yako si inalia?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza akiwa anatazama kompyuta.

Ningeweza kusema inalia. Tena isingekuwa hata uongo, maana tangu niifungue ilikuwa inalia vizuri tu. Jumapili angekaa, angemwona kunguni, angemtoa, na mimi ningemaliza mwezi wangu na kidogo, daktari angetikisa kichwa kwa furaha, mama mkwe angepiga vigelegele. Alikuwepo Fundi Viatu tu, na yeye haoni ya juu. Lakini kati ya Alhamisi na Jumapili kulikuwa na watu. Nilimwona mwanamke mmoja nisiyemjua, mji nisioujua, ana mtoto mgongoni, simu yake imekaa kimya kwenye mkoba, na hana mama mkwe. Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote kwa kuja kusimama mbele yangu jioni ile.

"Haikulia," nikasema.

"Nini?"

"Simu yangu haikulia. Tangu Jumanne sijameza dawa. Na leo mchana nimeanguka."

Mume wangu aligeuka. Nyuma yangu maji yaliacha kuruka. Nilipotazama, mama mkwe alikuwa amemtoa Bonge kwenye beseni, amemkumbatia kifuani na maji yake yote, gauni limelowa, na alikuwa amesimama akarudi nyuma hatua moja. Sidhani kama alijua amerudi. Hatua ile iliniuma kuliko ulimi.

"Mama Bonge," sauti ya Mwenye Funguo ilitoka kwenye spika, ndogo. "Umeumia?"

"Andika kwanza," nikamwambia. "Huo ndio mdomo wa pili."

Akaandika. Toleo likaondolewa kabla chakula hakijawekwa mezani, na ujumbe ukatumwa kwa kila njia waliyokuwa nayo: fungua Kengele sasa hivi, mara moja tu, hata kama unadhani iko sawa. Mume wangu alikuwa ameinamia meza, viganja usoni. Nilisubiri aseme neno. Aliponyanyua kichwa hakuniambia pole. Alisema, "Ni mstari mmoja tu wa programu. Nauandika sasa, tunautoa leo leo."

Hapo ndipo nililipuka. "Mstari mmoja! Kilichonibwaga sakafuni ni mistari mingapi? Huutoi leo. Watu wameshaambiwa wafungue, watafungua. Huo mstari wako utalaliwa wiki nzima kama mingine, na safari hii hakuna kugusa!"

"Anasema kweli," Mwenye Funguo alisema.

Mume wangu alinitazama, akatazama ulimi wangu uliovimba, na machozi yakamtoka. "Nilikutengenezea wewe," alisema. "Wewe." Nilimshika bega, bado nina hasira naye.

Akaweka Kengele ya zamani kwenye simu ya majaribio, akapanga saa, akaiacha ijichukulie toleo lenye mstari mpya yenyewe. Vidole vyake nilivijua, nikamwambia simu haikai naye. Mama mkwe, ambaye tangu jioni ile hakuwa amenisemesha, alinyoosha mkono. "Leteni huku." Akaifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili. "Anayetaka kuigusa ajaribu nimwone."

Huku nyuma watu walikuwa wanaandika chini ya ripoti yangu. *Hata yangu, nilidhani nimesahau mwenyewe.* Mwingine akaandika: *Mama yangu alisema haijalia, nikamgombeza.* Mwingine: *Nimekuwa nikijilaumu siku tatu.* Wengi sana, na karibu wote walijilaumu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Kimya kile kiliwafanya watu wajione wazembe nyumbani mwao, kila mtu peke yake. Mmoja aliandika hivi tu: *Kaka yangu naye alikuwa akitumia Kengele.* Mwenye Funguo akamuuliza, yuko salama? Akamuuliza tena kesho yake. Hajajibu mpaka leo. Mume wangu huifungua mahali pale kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, anaangalia, anafunga.

Kengele ililia kwenye fundo la mama mkwe asubuhi tukiwa tunakunywa chai. Aliruka, kikombe kikamwagika, akaanza kufungua fundo huku akicheka na kulaani kwa pamoja. Ililia na jioni yake, na kesho yake. Mwenye Funguo hakuharakishwa na mtu, ingawa wapo waliomwandikia maneno makali. Wiki ilipotimia mama mkwe ndiye aliyenituma niandike, nami nikaandika: "Bibi yake Bonge amelala nayo. Hajaifungua. Imelia."

Siku hiyo alinikuta jikoni naosha vyombo. Alisimama kando yangu, akaanza kuvifuta bila kuambiwa.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Ungejua tu, Mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nisingejua." Alifuta sahani moja muda mrefu. "Na ndiyo maana nimekasirika. Ungekuwa na kosa ningekugombeza, moyo ukatulia. Sasa nimgombeze nani? Mwanangu usiku halali. Na wewe ndiyo umesema mwenyewe." Akaiweka sahani. "Lakini mwaka ni mwaka, Mama Bonge. Nikikuonea huruma, sitalala usingizi."

"Unaanza upya."

"Unaanza upya," alikubali.

Nilitoka nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Sikulia kwa ajili ya watu wa ile ripoti. Nililia kwa ajili ya beseni.

Jioni ilipofika alimwogesha Bonge kama kawaida, nami nikakaa mlangoni na sabuni. Mtoto alinirushia maji, akacheka. Alipomaliza mama mkwe aliangalia juu ya kabati, kwenye taulo jeupe, kisha akaniangalia, kama anayeuliza kama limekuwa la kutumika tu sasa.

"Hapana," nikasema. "Hilo liache."

Nilipopata nafasi nikalishusha, nikakaa kwenye cherehani. Mwakani Bonge atakuwa anatembea, halitamtosha. Nikachukua wembe, nikafumua lile pindo la buluu nililolishona mara mbili, nikakata kitambaa kingine cheupe cha kuongezea, nikaanza kuunga.